Jema Langu la Mwezi wa Nne

Uliyefungia maandazi gazeti la juma lililopita kabla ya kulisoma, nakupa kwa ufupi. Mke wangu yuko kwa kaka yake. Aliondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, asubuhi, ana begi moja na mwavuli, akasema anakwenda kupumzisha mgongo. Mgongo gani unapumzishwa mwezi mzima, sikumwuliza, maana jibu nilikuwa nalo.

Jibu ni godoro. Mimi ni mkaguzi kwenye kiwanda cha magodoro. Wateja wakirudisha godoro kwa madai kwamba limebonyea kabla ya wakati, mimi ndiye ninayelala juu yake, nalipapasa, natoa hukumu. Kwa utumishi wangu wa muda mrefu kiwanda kilinizawadia godoro jipya la daraja la kwanza, nene kweli kweli. Nikalipeleka moja kwa moja kwa mama yangu, ambaye tayari alikuwa na mawili.

Mama akaliweka juu ya yale mawili. Siku hizi anapanda kitandani kwa kigoda, na akishafika huko juu anaita watu waje kumshusha. Mke wangu akabaki na letu la siku zote, lenye bonde katikati kama karai. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini nadhani hata mganga hachukui dawa ya mkewe akampelekea mamaye.

Wengi mmeniandikia. Wanawake mmenitukana kwa adabu. Wanaume mmenishauri ninyamaze tu, atarudi mwenyewe. Mimi nikawasikiliza wanaume, na ndiyo maana leo nina haya ya kuwasimulia.

Nilinyamaza nyumbani, nikanyamaza na kazini, ambako hakuna ajuaye kwamba safu hii ni yangu. Shati nililipiga pasi upande wa mbele peke yake, nikafunga koti juu. Aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu kwamba mama watoto hajambo, watoto wako bweni, sote wazima. Hapo sikusema uongo hata kidogo. Huko kwa kaka yake alikuwa hajambo kabisa, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Nilimtaka arudi. Naliandika wazi mapema ili msije mkadhani mwanamume huyu alikuwa anafurahia kitanda kipana. Usiku nilikuwa nabingirika hadi bondeni na kubaki huko, sina wa kugongana naye.

Kisha ikafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya Jema.

Afisa utumishi wetu aliwahi kupelekwa semina. Akarudi na tabasamu ambalo halikumtoka tena, hata akiwa anatafuna. Sisi kwa siri tunamwita Bibi Tabasamu. Semina ilikuwa imemfundisha kwamba mfanyakazi mwenye furaha anashona foronya nyingi zaidi. Basi kila mwisho wa mwezi mashine zinazimwa, tunakusanywa kwenye ukumbi wa kulia chakula, na kila mmoja anasimama kusimulia jambo jema moja lililompata mwezi ule. Liwe la nyumbani, si la kazini. Liwe la kweli. Na ni marufuku kusema huna.

Mtunza stoo wetu ndiye aliyelijaribu hilo la mwisho. Ni mzee mpole, mfupi wa maneno. Mwezi wa pili alisimama akasema, "Sina," akakaa.

Walimhurumia mpaka akakoma. Bibi Tabasamu alimwita ofisini kila siku kwa juma zima akimwuliza habari za utoto wake. Stoo ikabandikwa picha kubwa ya ua la alizeti. Mkurugenzi, akikutana naye uani, alikuwa anainama na kumsemesha polepole kama anayesemesha mgonjwa aliyetoka kuzinduka. Mwezi uliofuata mzee akasimama na kutangaza kwamba amepata mjukuu. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mzee yule hajawahi kuwa na mtoto.

Tangu siku hiyo kila mtu akajifunza. Zamani tulikuwa tunatia chumvi kwenye mchuzi. Siku hizi tunapika chumvi tupu.

Sasa mwezi wa nne, kama mjuavyo, ni mwezi wenye kiburi. Mvua imenyesha, majani yamechipua mpaka kwenye nyufa za ukuta wa kiwanda, na usipochipua na wewe unaonekana una kasoro. Bibi Tabasamu alikuwa ameandika ubaoni kwa chaki za rangi: TUMECHIPUA.

Mhasibu ndiye aliyefungua. Alisema ameanza kukimbia alfajiri, na siku moja alikutana na jua likichomoza, akasimama njiani akalia kwa shukrani. Mhasibu huyo anapanda ngazi za ofisi yake kwa vituo, na kila kituo anashika ukuta. Tukapiga makofi. Binti wa mapokezi alisema amepatana na shangazi yake aliyekosana naye tangu harusi ya mtu. Dereva wa lori alisema ameacha kutukana barabarani na moyo wake umekuwa mweupe. Waliowahi kupanda naye wakatazama sakafu.

Mtunza stoo akasimama, akasema mjukuu ameanza kutambaa.

"Si ana mwezi mmoja tu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ana kipaji," akajibu mzee, akakaa.

Mkurugenzi naye hakubaki nyuma. Jema lake ni kwamba ameweza kukaa siku nzima bila kugusa simu. Maneno hayo alikuwa anayasoma kwenye simu.

Zamu ikaniangukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimepanda maua mbele ya nyumba, uongo mdogo usiomwumiza mtu. Nikasimama. Nikaona sura zote zimenielekea, zimechoka, zinasubiri maua yangu zipige makofi ziende. Kinywa kikafunguka, kikasema kitu kingine kabisa.

"Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika," nikasema. "Niliamka kabla ya mke wangu. Nikachemsha chai, nikampelekea kitandani. Nilipotaka kuondoka akaniambia nikae. Nikakaa. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Siku ile nilichelewa kazini, nikasema ni matope. Hayakuwa matope."

Sijui ilitoka wapi. Naapa sijui. Siku niliyochelewa nilikuwa natafuta soksi ya pili.

 Katikati ya wakimbiaji wa alfajiri na watoto wachanga wenye vipaji, kikombe kimoja cha chai iliyopoa kiliwachoma watu pabaya. Binti wa mapokezi akatoa leso. Fundi mmoja wa cherehani akamgeukia mwenzake akamwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe wanaume wa namna hiyo wapo ila wameshaoa wote. Mkurugenzi akasimama, akanishika bega, akanisamehe rasmi kule kuchelewa.

Nikajiona mtu. Mjue hivyo. Kwa muda mfupi nilijiona ndiye yule mwanamume, nikamwonea wivu hata mke wangu kwa kuwa na mume kama mimi.

Bibi Tabasamu akaja mbele mbio, macho yamelowa na meno yote nje. Kiwanda, akatukumbusha, kinatafuta picha ya bango jipya la barabarani. Walikuwa wamefikiria waigizaji. Waigizaji wa nini, wakati wanandoa wenyewe tunao? Mume, mke, godoro, kikombe cha chai. Kesho Jumamosi, asubuhi, nyumbani kwangu.

Nikasema mke wangu hapendi kupigwa picha.

"Mwanamke aliyekwambia ukae naye," akasema mkurugenzi, "leo umwambie akae nawe akatae? Atakubali tu."

Wote wakacheka, wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kinaitikia.

Jioni hiyo nikaenda kwa shemeji.

Shemeji yangu ni kinyozi. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yake, huwezi kufika mlangoni bila kupita kwenye kiti chake. Sikuwa nimemaliza salamu akanikalisha, akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine.

"Sema ukiwa umekaa," akaniambia.

Nikasema yote: godoro, kikao, chai, bango. Yeye ananyoa, anaguna. Nilipofika kwenye bango akazima mashine. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upande mmoja. Akaenda mlangoni akamwita dada yake.

Mke wangu akatoka anafuta mikono. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba anatembea wima. Kwangu alikuwa anatembea ameshika kiuno, na kwa miaka mingi nilidhani huo ndio mwendo wake. Nilifurahi kumwona hivyo, na papo hapo nikaona uchungu kwamba ule wima aliupatia kwa watu.

Nikamwambia kilichotokea. Hakunikatiza. Nilipomaliza akavuta benchi la wateja, akakaa kunikabili.

"Hebu rudia ulivyowaambia."

Nikarudia. Mvua, chai, kaa, matope. Nikiwa nusu kichwa, kitambaa shingoni, nywele puani. Hakucheka.

"Huyo mwanamume wa chai," akasema, "anakaa mtaa gani?"

"Mama watoto, nisikilize."

"Nauliza tu. Ningependa kumfahamu." Akasogeza benchi karibu. "Na huyo mke wake, walipokuwa wanaongea, alikuwa anasema nini?"

"Alisema, kaa."

"Baada ya hapo."

Nikafikiri. Nawaambia ukweli, nilifikiri kwa bidii. "Sikufika huko."

"Unaona," akasema. "Hata kwenye uongo wako sina la kusema."

Shemeji akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Nikamwomba mke wangu msamaha wa godoro. Nikamwahidi godoro jipya, bora kuliko la mama, hata la kupandia kwa ngazi kama anataka. Akatikisa kichwa. Alisema hakuondoka kwa ajili ya godoro. Godoro lilikuwa ndilo la mwisho kuletwa kwenye foleni. Nikamwuliza yaliyotangulia ni yapi. Akanitazama namna ambavyo mwalimu anamtazama mwanafunzi aliyeomba aonyeshwe majibu.

Nikajua nimekosa. Nikaanza kuokota nywele kwenye kitambaa nisije nikaongeza kosa.

Mwishowe akainuka. Alisema atakuja kesho, kwa sababu si vizuri watu wazima kubeba godoro mpaka nyumbani kwa mtu halafu warudi bure. "Lakini sitakudanganyia," akasema. "Na sitakuumbua makusudi. Nikiulizwa, nitajibu."

Akaingia ndani. Shemeji akawasha mashine, akamalizia upande uliobaki.

"Kuja ni kuja, shemeji," akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona vichwa vingi. "Kurudi ni neno jingine."

Sikumsikia. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Niliosha vyombo vya juma zima, nikafagia mpaka uvunguni, nikalitoa lile godoro la bonde nikalisimamisha nyuma ya choo, nikalifunika turubai lisionekane na mkurugenzi. Ilikuwa kama kuficha maiti. Nikalala kwenye chaga tupu, juu ya shuka, nikaota mabango.

Asubuhi lori likaja, limebeba godoro la maonyesho ndani ya nailoni. Wakashuka Bibi Tabasamu na maua, mkurugenzi na suti, mpiga picha na miguu yake mitatu ya chuma, mhasibu aliyesema anapita tu. Na mtunza stoo, kwa sababu kwa utaratibu wake godoro la maonyesho haliendi mahali bila yeye. Chumba changu cha kulala kikawa na watu wengi kuliko siku ya ndoa yangu.

Mke wangu akaja kwa miguu. Amevaa gauni nisilolijua, rangi ya majani machanga. Akasalimia kila mtu kwa zamu yake, akamwinamia mtunza stoo kwa heshima ya umri, akaniambia, "Habari za asubuhi, baba watoto." Alikuwa na mkoba mdogo wa begani. Begi hakuja nalo. Nililiona hilo, nikajiambia kwamba begi litafuatwa baadaye na lori likiwa tupu.

Bibi Tabasamu akamkumbatia. "Mama, tumesikia habari zako mpaka tukalia."

"Hata mimi nimezisikia jana," akajibu mke wangu.

Wakatandika. Kikombe cha chai kikaletwa, kikawekwa kwenye kigoda upande wa dirisha. Wakati mpiga picha anahangaika na mwanga, mkurugenzi akaanza kunisifia kwa mke wangu. Alimwambia kwamba ana mume wa ajabu. Ukimletea godoro la mtu asiyemjua, anapitisha kiganja tu, anakwambia mume analala huku, mke huku, mmoja ana kikohozi, mwingine analala mkono chini ya shavu. Mteja mmoja aliwahi kutoka ofisini analia kwa kuambiwa kwamba upande wa pili wa godoro lake haujalaliwa tangu zamani.

Yote hayo ni kweli. Nilisimama pale nimevimba kwa sifa.

"Haya," akasema mpiga picha. "Kila mmoja akae upande anaolalia siku zote, mtaonekana wa kawaida."

Nikakaa upande wa dirisha, karibu na chai.

Mke wangu hakukaa. "Huo si upande wako," akasema taratibu.

Watu wakacheka. Mkurugenzi akasema hata yeye anapotea kwake. Nikacheka nao, nikazunguka kitanda, nikakaa upande wa mlangoni.

"Huo pia si wako."

Safari hii aliyecheka alikuwa mhasibu peke yake, akaacha katikati. Mimi nikatazama kitanda. Huku dirisha, huku mlango. Kitanda hakina upande wa tatu. Mkaguzi mimi, ninayejua kikohozi cha nyumba za watu, nikamtazama mke wangu anisaidie.

"Wewe unalala katikati, baba watoto," akasema. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Mimi nalala unapobakisha."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imesema mbele ya mwajiri. Masikio yakaniwaka moto. Nilitaka kubisha, nikakumbuka lile bonde kule nyuma ya choo. Bonde lilikuwa moja. Katikati. Ningeletewa kiwandani godoro lile na mteja, ningempa hukumu kabla hajafunga mlango: hapa analala mtu mmoja, bwana, na mwingine anajishikiza.

Bibi Tabasamu ni mtu wa kazi yake, chumba hakiwezi kumfia mikononi. Akapiga makofi mawili, akasema sasa ni zamu ya mama. Sote tumeshatoa, mama naye atupe Jema lake la mwezi wa nne, halafu tupige picha kwa furaha. Alikuwa anaomba hadithi ya chai, nilimwona. Anaomba ile chai kwa macho yote mawili.

Mke wangu akakaa pembeni mwa godoro, akaweka mkoba mapajani. Alifikiri kweli. Katika vikao vyote vya Jema sijawahi kuona mtu akilifikiria swali lile.

"Liwe la kweli?" akauliza.

"La kweli, mama. Hiyo ndiyo sheria yetu."

Mtunza stoo akakohoa.

"Nimepanga chumba," akasema mke wangu. "Nyuma ya nyumba ya kaka yangu, kwa jirani, mlango wa pili. Kina dirisha moja na kitanda cha futi tatu na nusu. Usiku wa kwanza nililala ukingoni kabisa, kwa mazoea, mpaka mkono ukafa ganzi. Usiku wa pili nikanyoosha mguu, nikaona haugusi mtu. Nikanyoosha na mkono. Nikasogea katikati, nikalala mpaka watu walipoanza kufagia nje." Akamtazama Bibi Tabasamu. "Nilipoamka nilicheka peke yangu. Hilo ndilo jema langu. Kama lina ubaya mtanisamehe."

 Chai ilikuwa inatoa moshi pale kwenye kigoda.

Kisha mtunza stoo akapiga makofi. Alianza peke yake, polepole, yale makofi ya mtu anayemaanisha. Mhasibu akafuata. Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga pia. Bibi Tabasamu hakupiga. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo za watoto, na lile tabasamu la semina lilikuwa limemtoka. Uso wake bila tabasamu ulikuwa mwembamba na mzuri, wa mtu aliyekesha siku nyingi. Mkurugenzi akatoa simu akaitazama, akairudisha mfukoni.

Na mimi? Nilidhani yuko kwa kaka yake. Mwezi mzima nimekuwa namsubiri mtu aliyeko kwa kaka yake, kumbe nasubiri mtu mwenye anwani yake mwenyewe. Iliniuma, sitaficha. Kwanza ilinichoma kiburi: kupanga bila kuniambia. Kisha kiburi kikaisha, nikabaki na kile kicheko chake cha asubuhi. Nilijaribu kukumbuka ni lini alicheka hivyo nikiwa kitanda kimoja naye. Sikukumbuka, na nilijua hakuna cha kukumbuka.

"Na mimi, mama watoto?" nikamwuliza. Sauti ilitoka ndogo, mbele ya mkurugenzi na suti yake.

 Akafungua mkoba, akatoa pete ya funguo. Zilikuwa mbili, zinafanana. Akaanza kuchomoa mmoja kwa kucha. Pete ilikuwa mpya, ngumu, ikamchukua muda, na hakuna mtu aliyethubutu kumsaidia. Ulipochomoka akauweka juu ya godoro, katikati, kati yangu na yeye. Wa kwanza akaurudisha mkobani.

"Mwenye nyumba alinipa mbili," akasema. "Huu wa pili sijaamua ni wa nani."

 Hakusema chukua, hakusema acha.

Ndugu zangu, mjue nilivyo. Kwa miaka yote ya ndoa yetu kilichokuwa kitandani kilikuwa changu. Shuka nilivuta bila kuuliza. Mto ukianguka, uliobaki ni wangu. Basi mkono wangu ulianza safari wenyewe, sikuutuma, ukaenda kwa ule ufunguo kama unavyoenda kwenye kitasa cha mlango wa kwangu. Ulipokaribia nikaona macho yake. Hayakuwa yananitazama usoni. Yalikuwa yanautazama mkono.

Nikausimamisha. Uko hewani, haujafika wala haujarudi. Nikafungua kinywa nimwombe ruhusa, nikagundua kwamba sijui maneno yake, maana sijawahi kuyatumia ndani ya chumba hiki.

"Hapo hapo," akasema mpiga picha kutoka nyuma ya kamera yake, mtu pekee ambaye hakuwa amesikiliza. "Vizuri sana. Msitikisike."